Moshi Haukunifikia

Jua lilikuwa limeanza kushuka Madam aliponituma kwa muuza mitishamba wa mtaa wa Al-Baghdadiyah, kule Jeddah. Nilete makaa, ubani, na kifurushi alichokuwa ameagiza. Nisiulize kitu.

Muuzaji, mzee wa Kiyemeni, alikishika kile kifurushi kwa ncha za vidole.

"Mwambie madam wako afungue madirisha," alisema.

Nilimwambia. Madam hakufungua hata moja.

Jina langu ni Risper. Nafanya kazi za ndani Riyadh, mtaa wa Al-Sulimaniyah, kwa Madam Ibtisam, mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka mzima alikuwa amekwama kwenye swali moja. Katika karne ya kumi na tisa, wanawake wa ukoo wake walikuwa wakikusanyika katika nyumba yao ya zamani, kule Jeddah, kufanya zar, ngoma ya kupunga mashetani. Wazee wa ukoo husimulia kwamba majini yaliwapanda kweli, yakasema kwa lugha za mbali. Madam alisema huo ni upuuzi. Alisema ndani ya ubani mlitiwa mbegu za mnanaha, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba. Ukivuta moshi wake, akili inahama.

Wenzake chuoni walimcheka. Ushahidi uko wapi? Basi akaamua kujijaribu mwenyewe, na likizo yangu ya kwenda nyumbani ikasogezwa mbele tena.

"Kazi hii ikiisha unaenda, Risper. Halas, basi. Yalla, haya, pakia mizigo."

Kila mara ilikuwa hivyo. Kazi hii ikiisha. Na kazi haikuisha.

Nahashon, dereva wetu, Mkisii mpole, alitusafirisha kutoka Riyadh kutwa nzima. Alipoiona ile nyumba, madirisha yake ya mbao yameinama kama yanataka kuanguka barabarani, alikataa kuingia.

"Mimi nitawangoja kwa gari," alisema. "Risper, ukisikia kitu hukielewi, shuka tu. Usiage mtu."

Madam alipanda chumba cha juu na chetezo cha makaa. Mimi aliniweka ngazini, chini kabisa, karibu na mlango wa nje ulio wazi. Alinifunga kitambaa chenye maji puani. Simu yake aliiweka kwenye ngazi kando yangu, inarekodi.

"Wewe usivute hata kidogo," alisema. "Lazima mmoja wetu abaki na akili. Kumbuka kila unachosikia."

Kisha akafunga mlango wa juu. Akaziba mwanya wa chini kwa taulo, kwa ndani.

Nikakaa.

Adhana ya magharibi ikaita, ikanyamaza. Upepo wa baharini ulikuwa unaingia kutoka nje, unanipiga mgongoni, unapanda ngazi. Ulikuwa unapanda, haushuki. Nasema hivi kwa sababu nimeulizwa mpaka nimechoka.

Sikunusa ubani.

Nilinusa udongo... udongo uliomwagiwa maji.

Halafu juu, nyuma ya mlango, mtu akakohoa. Nikasikia sauti ya Madam, lakini ilikuwa nzito, imezeeka.

"Wewe uketiye ngazini. U nani?"

Nywele zilinisimama. Madam hajui Kiswahili. Neno analolijua ni "haraka" tu, na alijifunza kwangu.

"Ni mimi, Madam. Risper."

"Mimi si madam." Ikacheka kidogo, cheko la mtu aliyekosa usingizi. "Waliponinunua waliniita Zafarani. Jina langu silo hilo."

Nilitaka kutoka nje nikimbie, lakini nikabaki palepale.

"Wewe ni jini?" nikanong'ona.

"Hapana jini nyumba hii. Hapajapata kuwa na jini. Majini yote niliyapika mimi, mle chetezoni."

Kitu kikaburutwa sakafuni... polepole... kikatua.

"Mabibi zangu walitaka kuona," ikasema. "Nikawatilia mbegu. Wakaona. Jini likadai nguo, nikavishwa mimi. Likadai Zafarani asipigwe, sikupigwa tena. Nani angelikataa amri ya jini? Kisha usiku mmoja nikatia nyingi. Bibi mdogo hakuamka. Nao wakanifungia humu."

Sijui kwa nini sikunyamaza. Labda ni ile likizo iliyokuwa imenikaa kooni. Nilimwonea huruma, kama mtu tunayelala naye chumba kimoja cha wafanyakazi.

"Si uende tu kwenu?" nikasema. "Mlango huu wa chini uko wazi."

"Nitakwenda na nani?"

Upepo ukakatika.

Baada ya hapo mlango wa juu ukafunguka. Madam alishuka akishika ukuta, macho yote yamekuwa meusi, midomo imekauka. Alikuwa anachuna nyuzi hewani, nyuzi ambazo hazikuwepo. Nikampa maji. Nahashon akaja mbio, tukambeba garini, na asubuhi alikuwa na fahamu zake. Na hasira.

"Nyuzi!" alisema. "Nyuzi na sisimizi. Hakuna zar, hakuna sauti, mafi, hakuna kitu! Nimejitia sumu kwa ajili ya sisimizi!"

Nikamweleza niliyoyasikia. Yote. Jibu lake alilokuwa akilitafuta mwaka mzima lilikuwa pale: ni mbegu, na aliyezitia alikuwa na sababu zake. Alinitazama kama niliyemwibia.

"Tusikilize simu," alisema.

Nahashon alikuwepo. Namshukuru Mungu alikuwepo.

Kwa mbali sana, nyuma ya mlango, Madam alisikika akilalamika kwa Kiarabu juu ya sisimizi. Hakuacha hata mara moja. Na karibu, karibu kabisa na simu, palikuwa na watu wawili wakizungumza Kiswahili. Mmoja aliuliza, mwingine akajibu.

Sauti zote mbili zilikuwa zangu.

"Ulivuta moshi," Madam akasema.

"Sikuvuta, Madam. Nilikuwa chini. Upepo ulikuwa unapanda."

"Moshi ulikufikia. Basi."

"Madam, mimi ni Mjaluo wa Nyakach! Hicho Kiswahili siwezi kukiongea. 'Uketiye'? Nilikitoa wapi?"

"Umesikia kwenye redio. Akili huhifadhi." Tayari alikuwa anatabasamu. "Hii ni nzuri sana, Risper. Kiasi kidogo tu kimekufanya hivi. Nimepata ushahidi."

Nilimgeukia Nahashon. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwambie," nikamsihi. "Wewe ulikuwa nje, mlango uko wazi. Ulinusa moshi?"

"Sikunusa," alisema taratibu. "Lakini nilikuona, Risper. Ulikuwa umegeukia nje. Ulikuwa unaongea ukiniangalia mimi."

Jioni ile Madam aliturudisha kwenye ile nyumba na makaa matupu, bila mbegu, ili amalize ubishi. Alinikalisha chumba cha juu chenyewe. Nikakaa mpaka kiuno kikauma. Hakuna kitu. Hakuna sauti, hakuna harufu, chumba tu chenye vumbi, kama nyumba iliyohamwa.

"Umeona?" akasema. "Bila mbegu, mafi."

Nilitaka kumwambia kwamba labda hakuna kitu kwa sababu hakuna aliyebaki mle. Nani angesikiliza?

Tukarudi Riyadh. Madam anaandika kitabu, anaimba jikoni. Likizo amesema nitapata kitabu kikiisha.

Ijumaa nilimpigia mama. Mtandao ulikuwa safi. Nikamsalimu, nikamuuliza juu ya mguu wake unaouma, nikamwambia nimechoka, nataka kurudi. Nilimsikia akipumua.

"Mama, wanisikia?"

"Nakusikia," akasema kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, cha kuongea na wageni. "Asante kwa kupiga. Sasa nipe Risper."

"Ni mimi, mama."

"Wewe mama, sikujui, lakini nakuomba kwa heshima. Nipe mtoto wangu niongee naye."

Nikafungua kinywa nimjibu kwa Kijaluo, lugha niliyoinyonya kwake.

Nilitafuta neno moja tu, halikuja.