Treni ya Bwana Alawi

Ndugu zangu wa Mbeya, nanyi wa Iringa, sogeeni. Nina habari ya nyumba moja, nami sitaficha kitu, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Mwaka wa 1976 nyumba ya Bwana Alawi Zubery, muuza vitambaa wa mjini Mbeya, ilikuwa nyumba ya amani. Mkewe Bibie alishinda barazani akishona kofia, kajitanda khanga mbili kwa baridi ya Juni, akimhesabia siku binti yao wa pekee, Mwanakhamisi. Binti huyo aliolewa Rujewa, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa.

Ndipo treni ilipoingia nyumbani. Si ile ya Reli ya Uhuru, la. Treni ya kuchezea, yenye mabehewa sita, ambayo Alawi aliinunua kwa mhandisi mzungu wa kiwanda cha chai aliyekuwa akihama Igowole. Haikuongozwa kwa waya. Aliyeshika kisanduku chake aliiamuru kwa mawimbi ya redio iende, isimame, irudi nyuma.

Mhandisi alimwonya. "Kwetu masafa haya yameachiwa vitu vya kuchezea," alisema. "Katika nchi jirani na yetu masafa hayo ni ya polisi, ukikutwa ukiyatumia unafungwa. Hapa kwenu sijui ni ya nani, ndiyo maana sijawahi kuiwasha. Kaulize posta kwanza, ndio watoao vibali vya redio."

Alawi hakwenda kuuliza. Alijiona mkubwa mno. Na kwa kuwa treni ilikwama kila ilipofika uani, alimwita fundi redio akaongeza nguvu ya kisanduku, akapandisha waya mrefu mpaka juu ya bati. Kila siku baada ya sala ya alasiri, saa kumi, baraza lilijaa watazamaji.

"Mnaona?" Alawi alijigamba. "Hii inanitii kuliko wanavyowatii watoto wenu!"

Sasa sikilizeni vizuri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali ya misheni, na hospitali ilikuwa na simu ya upepo ya kuongea na zahanati za Usangu, ikiwemo ya Rujewa. Kule redio ziliendeshwa kwa betri za gari, kwa hiyo zilifunguliwa mara mbili tu kwa siku: saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Nje ya hapo, mgonjwa ni wa Mungu.

Jumatano jioni muuguzi Helena, binti wa Kihehe, alipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Sikai, mama. Tangu juzi redio yetu inanguruma kila saa kumi, hatumsikii mtu. Hapa kwenu hamna mtambo wowote?"

Bibie aligeuka. Nyuma ya pazia Alawi alikuwa akitikisa kichwa, kidole mdomoni.

"Hamna, mwanangu," Bibie akajibu.

Helena alipoondoka, Bibie alimgeukia mumewe. "Baba Mwana, si tuseme tu? Mtoto wetu yuko Rujewa."

"Wataniuliza kibali, nami sina. Wataka nikalale mahabusu? Kichezeo kitamdhuru nani?"

Usingizi haukumjia Bibie usiku ule. Aliogopa, jamani, na hofu ya mzazi haidanganyi. Kesho yake, ilipokaribia saa kumi, alivuka barabara akasimama mlangoni pa chumba cha redio. Helena alikuwa ameinama juu ya mashine. Ngurumo tupu. Kisha ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Aliijua ngurumo ile. Hivyo ndivyo Alawi alivyosimamisha treni yake stesheni na kuiondoa.

Katika upenyo mmoja sauti ya kiume ilipita. Ilikuwa ya Limbu, mganga wa zahanati ya Rujewa. "Mbeya, Mbeya... damu... Mwanakhamisi... leteni ga..."

Ngurumo ikaimeza.

Bibie alikimbia peku. Alifika uani, akaudaka ule waya akauvuta kwa uzito wake wote mpaka bati likalia.

"Mwanamke, una wazimu?" Alawi alifoka mbele ya wageni.

"Zima! Mwanao anaita! Unamuua kwa mkono wako!"

Kisanduku kilimponyoka Alawi. Wakakimbilia wote wawili hospitali, na safari hii sauti ya Limbu ilisikika wazi.

"Jana saa kumi tuliwaita mpaka betri ikafa. Leo tumeshinda tunaichaji kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama anapumua bado, anapumua kwa shida. Mtoto jana alikuwa anacheza tumboni. Leo hachezi."

Gari la hospitali liliondoka dakika ile ile, na likamleta Mwanakhamisi akiwa hai. Kichanga alizaliwa mfu kabla gari halijafika, akazikwa Rujewa, hajapewa jina.

Siku ya tatu binti alifumbua macho. "Baba," aliuliza kwa sauti ndogo, "tuliwaita tangu Jumatano. Hamkusikia?"

Alawi aliinuka. Alikwenda polisi mwenyewe, treni kwapani, akaeleza yote. Faini alilipa, akarudi. Lakini swali lile alirudi nalo nyumbani, na mpaka leo hajalijibu.

FUNZO

Ndugu zangu, mawimbi ya redio hayaonekani, lakini yana wenyewe. Kilicho ruhusa katika nchi moja, ng'ambo ya mpaka ni kosa, na kila nchi ina sababu yake. Ukiletewa chombo kigeni usiseme "huko kwao wanatumia". Uliza kwanza hapa kwako, kuuliza si ujinga. Nawe uliye mke au mume, usimfichie mwenzako kosa kwa kumwonea haya. Bibie aliambiwa anyamaze akanyamaza siku moja tu, na siku hiyo ndiyo mjukuu wake alikuwa bado anacheza.