Emerensiana na Mafuta Yasiyooshwa

Kila siku akitoka shule, Emerensiana alivua sare, akala muhogo wa kuchemsha peke yake, kisha akaenda kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine hiyo ilikuwa ya baba yake, Laurenti. Ilikuwa pembezoni mwa kijiji cha Miteja, mbali kidogo na nyumba za watu, na haikutumia dizeli ya kituoni. Baba alitengeneza mafuta yake mwenyewe kutokana na mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangiwa.

Mafuta hayo aliyaleta Bi Hamida kutoka Somanga, ambako wanawake hukaanga samaki kando ya barabara kuu. Baba aliyachuja, akayachanganya na dawa kali ambazo Emerensiana hakuruhusiwa kuzigusa, kisha akayaacha yatulie kwenye pipa. Uchafu mzito ulizama, akaufungulia koki ukatoka. Yaliyobaki juu yalifanana na dizeli, lakini bado yalikuwa na sabuni ndani yake. Kuyaosha ndiyo ilikuwa kazi ya Emerensiana.

Alinyunyiza maji ya uvuguvugu juu ya mafuta, polepole, bila kukoroga. Maji yalizama yakiibeba sabuni, na alipofungua koki yalitoka kama maziwa. Alirudia, akarudia tena, mpaka maji yanayotoka yawe maangavu kama yalivyoingia. Ilikuwa kazi ya kusubiri, na kusubiri peke yake kulimchosha kuliko kubeba ndoo.

Zamani alifanya kazi za nyumbani pamoja na mama yake. Mama alipofariki huko Newala, nao wakahamia Miteja, baba akawa mtu wa maneno machache. Shuleni nako wenzake hawakumchukia, walimsahau tu. Mchezo ukinoga waliingia kwenye Kimatumbi, lugha ya pale, wakacheka, na yeye aliyelelewa kwa Kimakonde akabaki akitabasamu bila kujua kilichochekesha. Bi Hamida pekee ndiye aliyemwuliza habari zake na kungoja jibu.

Ijumaa moja, Devota, msichana wa darasa lake, alichungulia kibandani.

"Tumepungukiwa mtu kwenye rede," alisema. "Unakuja?"

Hakuna aliyewahi kumfuata mpaka pale. Emerensiana alifungua koki, akaona maji bado ni meupe. Alijua yalihitaji kuoshwa tena na tena. Lakini Devota alikuwa amesimama mlangoni, na asingerudi kuuliza mara ya pili. Aliyatoa maji, akafunga koki, akaenda.

Alicheza mpaka jua likazama. Jina lake liliitwa uwanjani, mara akwepe mpira, mara aukimbilie, na kila lilipoitwa aliona raha moyoni. Aliporudi baba alimwuliza kama amemaliza kuosha. Akasema ndiyo. Baba akayachemsha mafuta ili maji yaliyosalia yakauke. Yakiwa ya moto yaling'aa vizuri, hivyo hakushuku kitu.

Kesho yake wanawake walijaa na makopa yao ya muhogo mkavu, wengine wametembea tangu alfajiri kutoka vijiji vya milimani. Mashine ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikazimika. Baba alijaribu kuiwasha mpaka mikono ikamuuma. Wanawake walisubiri, kisha wakajitwika mizigo yao na kuondoka bila unga, mmoja baada ya mwingine. Bibi kizee mmoja aliondoka wa mwisho, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Baba alifungua chujio la mafuta. Lilikuwa limeziba kwa ute mzito, wenye utelezi kama sabuni ya mche iliyolowa. Wakati huohuo Bi Hamida akafika na madumu yake.

"Mafuta uliyoniletea juzi yamechanganywa," baba alimwambia. "Usiniletee tena."

"Ni yaleyale ya siku zote, Baba Emerensiana."

"Nimesema usiniletee tena."

Bi Hamida hakubishana. Aliokota madumu yake, akamwambia Emerensiana abaki salama, akaelekea barabarani.

Emerensiana alisimama na kuangalia mgongo wake ukienda. Kama angenyamaza, yule mama angekwenda na lawama isiyo yake. Kama angesema, pengine baba angeacha kuzungumza naye kabisa. Na nyumbani kwao walikuwa wawili tu.

"Baba," alisema. "Si yeye. Mimi sikuosha mpaka mwisho. Nilikwenda kucheza, nikakudanganya."

Baba alilitazama chujio mkononi mwake. Alijifuta mikono taratibu. Akasema, "Twende."

Walimkuta Bi Hamida ameketi juu ya dumu akisubiri usafiri. Emerensiana alisema yote mwenyewe, huku machozi yakimtoka. Baba naye akamwomba radhi kwa kumhukumu kabla ya kuuliza.

Bi Hamida aliinuka kutoka kwenye dumu. "Nimeumia," alisema, "maana Somanga wangesikia, nani angeniamini tena? Chujio likiziba linasafishwa. Jina la mtu likichafuka, si rahisi kulisafisha." Kisha akamvuta Emerensiana karibu, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

Alasiri ile baba alisafisha chujio na mabomba yake, akayarudisha mafuta kwenye pipa yaoshwe upya. Safari hii aliketi kibandani na binti yake. Kwa mbali zilisikika kelele za rede, nao walisubiri maji yazame. Baada ya muda mrefu baba akamwuliza ni akina nani waliocheza naye. Emerensiana alisimulia, kwanza kwa aibu, baadaye kwa maneno mengi. Baba alisikiliza.

"Sikujua kama uko peke yako kiasi hiki," alisema. "Ungeniambia unataka kwenda, ningekaa mimi hapa. Sikiliza, mama. Kazi ikiwa haijaisha, sema haijaisha. Hiyo si aibu. Aibu ni kusema imeisha, halafu mwingine abebe mzigo wa uongo wako. Kesho tutawatembelea wale kina mama, tuwaombe radhi na kuwabebea makopa yao mpaka hapa."

"Hata yule bibi wa milimani?"

"Kwa yule tutaanza," baba akasema, akainuka kuchota maji mengine.