Leo Tunamfungua Babu Mgongo

"Babu leo tunamfungua mgongo. Risasi mbili tu, atanyamaza."

Wasomaji wangu, maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya haya, nimesimama nje ya dirisha la karakana.

Msemaji alikuwa Fundi Miwani, msimamizi wa karakana yetu ya mtaa.

Aliyemjibu... mke wangu.

"Moja haitoshi?" aliuliza, kwa sauti ileile anayoulizia chumvi.

"Moja haimshiki, mama. Ana mwili mkubwa. Tule kwanza, tukirudi tunammaliza."

Na pale karakanani anayeitwa Babu ni mmoja tu. Mimi!

Niwarudishe nyuma kidogo. Tangu nistaafu nashinda hapo. Tunatengeneza redio za sura ya kizamani: kasha la mbao, kitambaa mbele ya spika, vitufe vya kuzungusha vinavyojaa kiganja. Ndani ni mambo ya leo, zinapiga hata muziki kutoka kwenye simu. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuungua vidole. Ingawa wageni nawaambia niliwahi kufufua redio ya meli katikati ya dhoruba kwa uma na pipi ya kutafuna.

Redio yangu kubwa kuliko zote niliichonga kutoka kwenye kabati la nguo. Ni zawadi ya mjukuu wangu, anahamia kwake. Aliniomba mwenyewe kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Hofu yangu ilikuwa moja: mtu asije akaichokonoa kabla haijamfikia.

Basi goti likaniuma, nikalala nyumbani majuma kadhaa.

Niliporudi, mambo yamegeuka. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Mke wangu, ambaye hajawahi kuivumilia harufu ya karakana, sasa anapita kila siku na kuitwa pembeni. Nikiuliza, naambiwa walikuwa wanaongelea bei ya vitunguu.

Jamani, bei gani ya vitunguu inahitaji mlango kufungwa?

Na skrubu za redio yangu zina mikwaruzo mipya...

Siku ile ya dirishani, mke wangu alijua niko hospitali na goti langu. Walipotoka kwenda kula, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Nikiwakabili watakana. Nilitaka niwasikie wakisema wenyewe, simu ikirekodi.

Nikajificha ndani ya redio.

Msinicheke! Sehemu ya chini niliiacha wazi kwa ajili ya santuri. Nilijikunja, nikavuta ubao wa nyuma. Goti lilitaka kupiga kelele, nikalifinya.

Wakaja. Kwenye upenyo naona viatu vya Fundi, ndala za mke wangu, na... raba za mjukuu wangu. Hata yeye! Moyo ulishuka mpaka kwenye soksi.

"Ndiye Babu huyu?" mjukuu akacheka. "Wanafanana kweli."

"Anakohoa kabla ya kusema," Fundi akamjibu, "na akisema, sindano iko stesheni hii, sauti ni ya stesheni ile. Jina tulimpa wakati babu yako anaumwa."

Babu... ni redio?

Na risasi! Risasi ya kuunganishia waya, ninayoiyeyusha mwenyewe kila siku ya Mungu. Woga ulikuwa umeigeuza ikawa ya bunduki.

"Hebu nimchomeke nisikie hicho kikohozi," mjukuu akasema.

"Usiguse hiyo plagi." Mke wangu hakupaza sauti, lakini raba zilirudi nyuma hatua moja. "Nimeshika kitufe chake, kikanitupa mpaka ukutani. Kuna waya umeachia, unagusa chuma cha ndani."

Chuma.

Ndicho nilichokuwa nimekiegemea kwa bega.

Bisibisi ikaanza kuzunguka. Ubao ukatoka, mwanga ukaingia. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," akasema taratibu, "Babu yumo ndani ya Babu."

Walinivuta wawili, mmoja kila mkono. Mjukuu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mke wangu hakucheka. Nikamuuliza mbona hakuniambia kwamba redio ina hitilafu.

"Nikuambie vipi? Mara ya mwisho Fundi alikuambia umekosea waya, ukamsimulia hadithi zako mpaka akaomba radhi yeye."

Safari hii nikamwomba Fundi radhi mimi. Ni mara yangu ya kwanza, na mashahidi wapo.

Niliwashuku kwa sababu wananong'ona, kumbe wananong'ona kwa sababu mimi siambiliki. Na waya ule ungemfikia mjukuu wangu ukiwa umefungwa utepe wa zawadi.

Wastaafu wenzangu, ukiona nyumba nzima inashusha sauti ukiingia, usikimbilie kujiuliza wanakupangia nini. Waulize wanaogopa kukuambia nini. Wakishakuambia, sema asante, kisha nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza, mimi bado najifunza.