Ndege wa Mumosho na Vakansi Mbili

Papa Théodore alikuwa seremala wa Kadutu, Bukavu. Mwaka wa 1957 alikuwa na watoto wawili shuleni. Évariste alisoma shule ya Leta, yaani ya serikali. Jeanine alisoma kwa masera, yaani watawa wa kike wa misheni. Asubuhi walitoka mlango mmoja, kisha kila mmoja na njia yake.

Kila mwaka, mtama wa bibi yao ulipoiva kule Mumosho, watoto walikwenda kufukuza ndege. Na ndege wa Mumosho, usiwachezee! Walikula mpaka wakashindwa kuruka. Walirudi kwao Rwanda kwa miguu, wakivuka daraja la mto Ruzizi pamoja na watu.

Mwaka ule siku za shule hizo mbili hazikulingana: Évariste alipata vakansi, yaani likizo, Jeanine akiwa bado darasani. Évariste akaenda peke yake. Alipopiga bati upande huu wa shamba, ndege walihamia upande ule.

Papa Théodore akamtoa Jeanine shuleni, akampeleka shambani. Kwa masera alituma neno: mtoto ana homa.

Jeanine aliporudi, aliambiwa asome mbele ya darasa. Sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza kwa kupigia ndege kelele.

"Homa gani hii inababua pua kwa jua?" masera mkubwa akauliza. "Ukikosa tena, hutafanya egzame ya mwisho wa mwaka. Utarudia mwaka."

Jioni Jeanine alilia, tena bila sauti. Maman Séraphine, jirani aliyefundisha akina mama kusoma, akaingia.

"Papa Théodore, unataka mutoto asome ao afukuze ndege?"

"Ndege habangoje egzame, maman."

"Uliuliza masera kama vakansi inaweza kwenda pamoja na ya Leta?"

"Mimi? Mimi ni nani?"

"Si wewe baba yake? Kila shule inapanga siku zake. Haijue kama mu nyumba yako watoto banapishana. Uende kuwaambia. Lakini usiende peke yako. Mwende wazazi wengi, na mbele ya siku kupangwa."

"Na mutama wa mwaka huu?"

"Wewe hauna mikono?"

Basi seremala alifunga kazi yake akaenda Mumosho kupiga bati upande wa pili wa shamba. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Jeanine alibaki darasani, akafanya egzame, akapita.

Mwaka mpya wa shule ulipokaribia, wazazi wa Kadutu walikwenda kwa masera, kisha kwa direkta, mkuu wa shule ya Leta.

"Kumbe!" direkta akasema. "Hakuna mtu aliyeniambia."

Shule mbili zikakaa pamoja, zikapanga vakansi moja, wakati mtama unaiva.

Mwaka huo watoto wote wawili walikwenda Mumosho, mmoja huku, mwingine kule. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosa darasa. Ndege walizunguka, wakachoka, wakaenda zao. Bibi alijaza ghala. Kisha akatazama sufuria yake tupu.

"Théodore!" akaita. "Ndege bamekwenda, asante. Lakini hawa wawili uliniletea, banakula kupita ndege!"