Dirisha Lenye Mwenyewe

Mchana huo jua lilikuwa la kawaida, na mdomo wa Bingwa, jirani yetu, haukuwa na breki, kama kawaida. Shule ilimshinda mapema, lakini programu aliandika kama mtu anayemenya chungwa. Ndiye aliyeiandikia zahanati dirisha la kuongozea oksijeni: unasogeza kitufe kwenye skrini, mtungi wodini unatii. Kasoro ilikuwa moja. Wauguzi wana haraka. Wakibofya mara mbili, yanafunguka madirisha mawili, na mtungi unavutwa huku na huku kama mume wa wake wawili.

"Leo nakomesha," alimtambia muuguzi wa zamu. "Dirisha ni moja tu. Ukijaribu la pili, programu inakukatalia."

"Punguza majigambo, mdogo wangu. Aliye kwenye huo mtungi ni mama yako."

"Ndiyo maana sikosei, dada."

Akaiandika sheria hiyo, akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Akabofya mara moja.

*Dirisha limeshafunguliwa.*

Akacheka. Akapekua orodha ya programu zote zinazofanya kazi. Yake haikuwemo. Akabofya tena.

*Limeshafunguliwa.*

Ng'ambo ya kioo cha wodi, muuguzi, aliyekwisharudi kwa mgonjwa, aliinua uso. "Mbona unapunguza?" aliuliza kwa sauti.

"Sijagusa kitu."

"Ilikuwa lita nane kwa dakika. Sasa sita. Pandisha basi, huku kwa mkono haikubali."

Kicheko kikamkauka. Dirisha lilikuwa na mwenyewe, na sheria ya kumlinda mwenyewe huyo aliiandika yeye, kwa vidole vyake.

Nne. Midomo ya mama ilianza kubadilika rangi.

Akaigeuza sheria: anayefungua mwisho amtoe aliyetangulia. Akabofya. Kufumba na kufumbua, dirisha lile jingine likajitokeza, kitufe chake kikiwa kwenye mbili. Likafungwa. Lake likakaa. Akasukuma hadi nane. Mtungi ukavuma, mama akavuta pumzi.

Alimkimbilia kitandani.

"Jogoo wangu," mama alisema polepole, "yule mwanamke uliyemwinua kwenye kiti cha kompyuta ni nani? Amekasirika. Anasema hata yeye anajua kufungua upya."

Bingwa akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Na skrini pia. Dirisha lake halikuwepo.

Mtungi ukaanza kunyamaza.

Hakurudi kwenye kompyuta. Alimvua mama barakoa, akamtupia mgongoni, akatoka mbio hadi hospitali ya jirani, ambako mitungi bado inafunguliwa kwa mkono wa mtu.

Mama alipona. Yuko nyumbani, hana mtungi, hana waya wowote mwilini. Ila akijilaza baada ya chakula cha mchana, pumzi zake hushuka. Hazishuki kama za mtu anayesinzia. Zinashuka ngazi moja, zinasimama. Zinashuka nyingine. Zinasimama.

Na mwanawe, yule wa mdomo, hukaa kimya pembeni ya kitanda, kidole kikitapatapa juu ya shuka, kikitafuta pa kubofya.