Kobe wa Kasimiri

Kila siku, kabla hajawasha moto, Gaudensia alizunguka nyuma ya nyumba kumtazama kobe. Alimkuta kando ya ukuta, akiota jua la asubuhi. Alimwekea majani ya mchicha na kipande cha boga, akasimama akimtazama anavyotafuna. Baada ya hapo ndipo aliposhika jembe lake.

Nyumba yao iko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, si mbali na njia wanayopita wageni waendao kuangalia tembe la kale, nyumba ya udongo ya enzi za misafara. Gaudensia analima karanga na viazi vitamu, ambavyo huvikata na kuvikausha kuwa michembe. Mumewe, Adriano, ni fundi wa malori mjini Kitwe, nchini Zambia. Aliondoka binti yao Apolinaria akiwa bado ananyonya. Sasa Apolinaria yuko darasa la tatu, na anaijua sauti ya baba yake kwenye simu kuliko anavyoijua sura yake.

Kobe alikuwa wa Kasimiri, kaka yake Apolinaria. Kasimiri alimwokota porini akiwa na umri wa miaka saba. Mwaka uliofuata aliugua malaria, akafa. Toka siku ile majirani waliacha kumwita Gaudensia Mama Kasimiri. Walimhurumia, wakawa wanamwita Mama Apolinaria. Hawakujua jinsi alivyotamani kulisikia lile jina la kwanza. Nyumbani nako halikutajwa. Adriano alimzika mwanawe, akafunga mdomo, akatafuta kazi ya mbali.

Jioni moja Adriano alipiga simu.

"Nimepata nyumba ya vyumba viwili," alisema. "Njooni. Nimechoka kula peke yangu."

Gaudensia alicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka. Kisha akakumbuka.

"Na kobe je?"

"Utaona mwenyewe la kufanya," Adriano alisema.

Apolinaria naye alikuwa na sungura wake wawili, Pamba na Moshi. "Mimi siendi bila wao," alisema.

Gaudensia alimwendea Sabiri, mfanyabiashara wa mchele aliyezoea safari za Tunduma, mpakani na Zambia, akamweleza shida yake.

"Hilo linakusumbua nini?" Sabiri alisema. "Mviringishe kwenye kanga, mzamishe kwenye gunia la michembe. Kobe hapigi kelele. Nani atajua?"

Gaudensia aliona ni ushauri mzuri. Akaamua amzoeshe kwanza. Asubuhi moja alimviringisha kobe kwenye kanga, akamweka ndani ya gunia, akamwaga michembe juu yake na kulifunga. Aliliacha gunia uani, akaenda shambani.

Aliporudi jua lilikuwa kali. Alifungua gunia, akaingiza mkono. Gamba lilikuwa la moto kama chungu. Alimtoa haraka. Shingo ya kobe ilining'inia nje, na mdomoni alikuwa na povu.

"Apolinaria!" alipiga kelele. "Kimbia kamwite Zabibu!"

Zabibu alikuwa afisa mifugo wa kata, na nyumba aliyopanga ilikuwa ya pili kutoka kwao. Hakuwa na muda mrefu Kwihara. Siku hiyo alikuwa nje akisafisha vifaa vya kuchanjia kuku ugonjwa wa kideri. Alikuja mbio, kandambili miguuni.

"Mlete kivulini," alisema. "Apolinaria, beseni na maji. Maji kidogo tu, yasimfike puani."

Alimweka kobe kwenye beseni, akamshikilia kichwa juu, akawa anammwagia maji taratibu mgongoni. Muda ulipita. Gaudensia alipiga magoti kando. Mwishowe kobe alivuta mguu mmoja ndani. Halafu akafumbua macho.

"Atapona," Zabibu alisema. "Lakini kwa nini alikuwa kwenye gunia, mama?"

"Tunahamia Zambia kwa baba," Apolinaria alijibu. "Kobe atafichwa kwenye michembe. Sungura wangu nao tutawatia kwenye begi."

Zabibu alimtazama Gaudensia. Hakumfokea.

"Mama, kobe anapumua kama sisi. Hawezi kutoa jasho. Kwenye gunia, ndani ya buti ya basi, asingefika hata hapo Sikonge. Tena huyu si mfugo. Ni mnyamapori. Hata kumfuga nyumbani kunataka kibali. Kumvusha mpaka kwa kificho ni kosa kubwa, mtu anafungwa."

"Basi nitaomba kibali."

"Kobe wa kuokotwa porini, sitaki nikudanganye, usitegemee kukipata. Sheria ya kuwatoa nchini wanyamapori walio hai ni kali. Na huko mwendako nao wana sheria yao."

"Nimwachie porini, basi?"

"Hapana. Amekaa na kuku na watu miaka mingi. Anaweza kuwapelekea wenzake ugonjwa, au akashindwa kujitafutia. Tumpeleke kwa watu wa wanyamapori mjini. Wao ndio wanaojua pa kumweka."

Gaudensia alisimama ghafla. "Wewe umekuja juzi tu hapa! Hujui kobe huyu ni nani!"

Zabibu aliketi chini kwenye vumbi, mkono wake ukiwa bado umemshika kobe. "Kweli sijui," alisema. "Niambie."

Gaudensia aligeuka aingie ndani, kisha akarudi. Akaketi. Akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi Kasimiri alivyomwita kobe Treni, kwa sababu alisema hata akichelewa hufika. Alisimulia jinsi alivyompigia miluzi, na jinsi usiku wa homa alivyouliza kama kobe amekula. Apolinaria alisogea karibu, macho yamemtoka. Hakuwahi kusikia habari hizo.

"Mikono yake ililishika gamba hili," Gaudensia alisema. "Nikimwacha, nitabaki na nini?"

Zabibu alilisogeza beseni karibu naye.

"Pole sana, Mama Kasimiri," alisema.

Gaudensia alijifunika uso kwa kanga, akalia. Apolinaria alimkumbatia kiunoni. Zabibu aliwaacha walie. Alipoona wametulia alisema kwa upole, "Naweni mikono kwa sabuni, wote wawili. Gamba la kobe huwa na vijidudu vya kuharisha."

Kuhusu sungura aliwapa matumaini. "Sungura ni mfugo, hao wanaweza kwenda. Lakini baba aanze yeye. Aende ofisi ya mifugo ya Kitwe, aombe kibali cha kuwaingiza, aulize masharti yao. Kikipatikana, tutawapima hapa, na ofisi ya mifugo mjini itatoa cheti cha afya na kibali cha kuwatoa nchini. Mpakani mnaonyesha kila kitu. Hamfichi. Na wasisafiri kwenye begi. Wanataka sanduku lenye matundu, majani makavu na maji."

Kobe alipopata nguvu walimtia kikapuni, wakampeleka Tabora mjini. Afisa wanyamapori, mzee Idrisa, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mmekosea kumfuga bila kibali," alisema. "Lakini mmekuja wenyewe, na hilo ni jema. Tutampima, kisha ataishi kwenye bustani ya wanyama. Wako kobe wengine pale."

"Anapenda boga," Gaudensia alisema. "Lisiwe bichi sana. Na asubuhi anataka jua."

"Nitawaambia."

Gaudensia aliinama, akapitisha kiganja chake juu ya gamba, polepole, kutoka kichwani hadi mkiani. Kisha akageuka. Njia nzima ya kurudi alikibeba kile kikapu kitupu kwa mikono miwili.

Vibali vya sungura vilichukua muda. Adriano alikwenda ofisi ile mara kadhaa, na kila jioni alipiga simu kueleza. Kwihara, Gaudensia aliendelea kuamka mapema na kuzunguka nyuma ya nyumba. Aliukuta ukuta na jua tu.

Mwishowe wakasafiri. Pamba na Moshi walikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye matundu pande zote. Tunduma, afisa wa mpakani alisoma vyeti vyao, akachungulia sungura, akagonga mhuri. Ng'ambo ya mpaka, maafisa wa Zambia nao walivisoma, wakawaruhusu. Gaudensia alipita akiwa ameinua kichwa, hana gunia la kuliogopa.

Kitwe, Apolinaria alimwonea haya baba yake kwa siku chache. Kisha wakatengeneza pamoja banda la sungura. Jioni moja, wote watatu wakiwa wanakula, Apolinaria aliuliza:

"Mama, Kaka Kasimiri angewapenda Pamba na Moshi?"

Adriano aliacha kutafuna. Gaudensia alimtazama mumewe, kisha akajibu bila kushusha sauti, "Angewapenda sana. Angelala nao bandani."

Kisha Adriano akasema, akitazama chini:

"Siku aliyomwokota yule kobe, alitaka kumrudisha. Aliniuliza, 'Baba, mama yake hatamtafuta?' Tukarudi mpaka pale kichuguuni alipomwokota, tukaketi, tukangoja. Hakuna kobe mwingine aliyetokea. Hata hivyo hakutaka tuondoke."

"Kumbe ndiyo siku ile mliyochelewa," Gaudensia alisema. "Niliwagombeza wote wawili."

"Ulitugombeza sana."

Gaudensia akacheka, na Adriano akacheka, machozi yakimtoka mbele ya binti yake.

"Nisimulie tena, baba," Apolinaria alisema. "Anzia mlipotoka nyumbani."

Adriano akanawa mikono, akaanza tangu mwanzo. Ugali ulipoa, na hakuna aliyeinuka.