Fusi na Nukta Alizoziunga

"Mtoto mzima, gauni jeupe, umemkalisha benchi kama gunia la—"

"Wifi, mchoro wa alama niliuona kwa macho—"

"—viazi vikuu, wenzake wote wanasema aya zao—"

"—haya yangu mwenyewe, wifi, sikuambiwa na mtu."

Vaimoana alikuwa akimgombeza wifi yake Fusi huku wakipaka rangi ngatu, kile kitambaa cha magome ya mti. Jana ilikuwa Faka Me, Jumapili ya watoto kusema aya kanisani. Lupe, binti wa Fusi, hakusimama. Mama yake alimtoa kwenye mazoezi ya aya, eti yanamharibia hesabu.

Vaimoana anafundisha hesabu. "Lupe, mama, tuletee huo mchoro."

Lupe akauleta.

Mchoro wa darasa lake ulikuwa umejaa nukta. Fusi alikuwa ameziunga zote kwa kalamu, moja hadi nyingine, kama anavyounga nakshi za ngatu. Mstari ulipanda, ukashuka, mwishoni ukaporomoka.

"Si unaona? Mazoezi yakizidi, alama zinaanguka."

"Nani kakwambia uziunge? Hii siyo ngatu, wifi yangu. Kila nukta ni mtoto mmoja. Tazama chini, utajua anafanya mazoezi kwa saa ngapi. Tazama pembeni, utajua kapata alama ngapi. Sasa sahau kalamu yako. Kundi zima linaelekea wapi?"

Fusi akakodoa macho. "Halielekei popote. Kama kuku waliorushiwa nazi."

"Basi hakuna uhusiano. Geuza nyuma. Huu ni wa siku walizokosa shule."

"Huu unateremka. Kushoto nukta ziko juu, kulia ziko chini."

"Hapo uhusiano upo. Wanaokosa sana shule, wengi wana alama ndogo. Nukta hazikwambii sababu. Zinakuonyesha pa kuuliza tu. Lupe, wewe uko wapi?"

Lupe akaweka kidole kulia kabisa, chini kabisa.

Fusi hakuhitaji kuuliza. Kila magome yalipokuwa mengi, ni yeye aliyesema, "Leo baki, mwanangu, mikono haitoshi." Akaweka brashi chini. Mwakani Lupe atakuwa mkubwa mno kusimama na watoto. Jana hairudi, hata ukiiita kwa jina.

"Kuanzia kesho magome ni baada ya shule," alisema. "Hata yakioza."

Vaimoana akacheka. "Yakioza utanipa mimi lawama, nakujua."

Fusi alishika neno lake. Muhula ulipokwisha, Lupe aliwaletea mama yake na Vaimoana mchoro mpya. Nukta yake ilikuwa imehama kushoto, na ilikuwa imepanda. Fusi aliitazama sana. Safari hii hakugusa kalamu. Alifurahi, lakini Faka Me ilikuwa imeshapita.

"Nikupe nini, mwanangu?" aliuliza. "Nguruwe wa kuoka? Gauni?"

Lupe alitandika mkeka katikati ya chumba.

"Kaeni hapo, wewe na shangazi. Nyie ndio kanisa. Nataka kusema aya zangu zote. Na nikisahau, mama, usinikumbushe."